Embakasi na Lamu Mashariki: Kiti Kimoja, Watu Wangapi?

Wazee walisema wengi wape. Hapa Kenya wengi hawakupewa, na ushahidi ni historia ya maeneo yetu ya ubunge.

Tuanze na 1963. Baraza la Wawakilishi lilikuwa na viti 117 vya majimbo ya uchaguzi, na Seneti ilikuwa na wajumbe 41. Mwisho wa 1966 yakaunganishwa. Maseneta hawakufukuzwa, wakakatiwa maeneo yao, viti vikawa 158. Sasa, seneta alikuwa wa wilaya, na wilaya yenye watu wachache ilikuwa na wake sawa na yenye watu tele. Hesabu hiyo ya wilaya ikahamia katika bunge la watu, ikakaa humo.

Viti vikawa 188 mwaka 1988, kisha 210 mwaka 1997. Katika hivyo 22 vya mwisho Nairobi ilipata vingapi? Hata kimoja! Ilikuwa na 8, ikabaki na 8. Na huku kwetu Eastlands watu walikuwa wanafurika: Dandora, Kayole, Umoja, Pipeline, Mukuru kwa Njenga, wote mbunge wao mmoja, wa Embakasi. Usisahau kwamba 1992 wapinzani walichukua viti 7 kati ya hivyo 8. Jumlisha mwenyewe.

Kufikia uchaguzi wa 2007, daftari la Embakasi lilikuwa na wapiga kura zaidi ya 200,000. La Lamu Mashariki halikufika 20,000.

Mtu atasema, kura ni kura tu, shida iko wapi? Shida ni pesa. Sheria ya CDF ya 2003 iligawa robo tatu ya hazina hiyo sawasawa kwa maeneo yote 210, na robo tu kwa kuangalia umaskini. Basi fungu lililotosha watu elfu kadhaa kule, huku liligawanywa kwa malaki. Basari ya mtoto wa Kayole ikawa kama peremende ya kumung'unya kwa zamu.

Lakini jamani, tusiwalaumu ndugu zetu wa Lamu. Faza na Kizingitini ziko kisiwani Pate, Kiunga iko karibu na mpaka wa Somalia. Tukifuata hesabu tupu watamezwa na Lamu Magharibi, na Waboni wa msituni watasemewa na nani?

Katiba ya 2010 ilijaribu kushika yote mawili. Iliweka maeneo 290, kila moja likaribie wastani wa watu, ila miji na sehemu zenye watu wachache ziliruhusiwa kuzidi au kupungua kwa asilimia 40, kwingine 30. Ikakataza pia eneo lolote lililokuwepo kufutwa katika mgawanyo wa kwanza. Ndipo Lamu Mashariki ikapona, na Embakasi ikaingia uchaguzi wa 2013 ikiwa vipande vitano: Kusini, Kaskazini, Kati, Mashariki na Magharibi. Viti vya Nairobi vikawa 17.

Katiba hiyo hiyo inadai mipaka ipitiwe kila baada ya miaka 8 hadi 12. Muda ukaisha Machi 2024, tume haina kamishna hata mmoja! Wapya waliapishwa Julai 2025. Mji haukuwangoja, kule Utawala na Mihango nyumba zinaota kama uyoga.

Vijana wenzangu, tunagombana sana juu ya nani akalie kiti. Tuulize pia kiti chenyewe kinabeba watu wangapi, maana mpaka huchorwa kabla ya kura kupigwa, na wanaouchora hatuwaoni jukwaani.