Vuguvugu la Programu Huria: Kutoka Printa ya MIT hadi Kliniki za Eldoret

Karibu mwaka 1980, maabara ya akili unde ya chuo cha MIT, Marekani, ilipata printa mpya ya Xerox. Ilikuwa na kasi, ila karatasi zilikwama mara kwa mara. Richard Stallman, mtaalamu kijana wa programu, alijua dawa yake. Printa ya zamani alikuwa ameirekebishia programu ili iwaarifu watumiaji kila karatasi inapokwama. Hii mpya ililetwa bila msimbo chanzo, yaani maandishi ambayo mtaalamu huyasoma na kuyabadili ili programu ifanye kazi atakavyo. Stallman alimwendea mtafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon aliyekuwa nao, akanyimwa. Mtafiti huyo alikuwa ameahidi kutompa mtu yeyote.

Wengine wangeliona hilo kuwa usumbufu tu wa kazini. Stallman aliliona kuwa suala la haki. Septemba 1983 alitangaza mradi wa GNU, wa kuunda mfumo kamili wa kuendeshea kompyuta ambao kila mtu angekuwa huru kuutumia, kuuchunguza, kuurekebisha na kuusambaza. Januari 1984 aliacha kazi MIT, chuo kisije kikadai umiliki wa mradi huo. Mwaka uliofuata akaanzisha taasisi ya Free Software Foundation.

Mchango uliodumu kuliko yote ni leseni ya GPL, iliyotoka mwaka 1989. Hakimiliki ilikuwa imezoeleka kama chombo cha kuzuia kunakili. Stallman aliigeuza ilinde haki ya kunakili: anayesambaza programu hiyo, hata baada ya kuiboresha, analazimika kuwapa wapokeaji msimbo wake na haki zilezile alizopewa yeye. Mwaka 1992 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, aliiweka Linux, programu aliyoiandika ya kuendeshea kompyuta, chini ya leseni hiyo. Leo Linux ndiyo kiini cha simu zote za Android.

Fikra hiyo haikuishia kwenye mifumo ya kuendeshea kompyuta. Wikipedia ilipoanza mwaka 2001, makala zake zilitolewa kwa leseni iliyoandikwa na taasisi ya Stallman, na miaka miwili baadaye ikazaliwa Wikipedia ya Kiswahili. Mwaka 2004, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishiriki kuitafsiri OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisi, na ikatoka Jambo OpenOffice, yenye menyu za Kiswahili. Hawakuhitaji kumbembeleza mwenye mali wala kusubiri soko la Kiswahili limvutie.

Mwaka huohuo, madaktari Burke Mamlin na Paul Biondich kutoka Indiana walifika Eldoret, Kenya, ambako mpango wa AMPATH ulihudumia watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Wagonjwa waliongezeka kuliko uwezo wa mfumo wa kutunza kumbukumbu zao. Hapo ndipo ilipochipukia OpenMRS, programu huria ya kumbukumbu za wagonjwa iliyoanza kutumika Eldoret mwaka 2006, kisha ikaingia Rwanda na nchi nyingine nyingi. Januari 2008, katikati ya ghasia za baada ya uchaguzi, Wakenya na wenzao waliunda Ushahidi, jukwaa la kukusanya taarifa za wananchi na kuzionyesha kwenye ramani. Kwa kuwa msimbo wake uliachwa wazi, miaka miwili baadaye ulisaidia kuelekeza misaada Haiti baada ya tetemeko la ardhi.

Hata hivyo, leseni hutoa haki tu. Kuitumia haki hiyo kunataka watu wenye ujuzi. Hospitali yenye msimbo wazi lakini isiyo na fundi wa kuusoma bado inamtegemea mgeni. Ndiyo maana serikali zetu, zinaponunua mifumo ya afya, kodi na elimu kwa fedha za umma, zinapaswa kudai msimbo wake na kuwasomesha vijana watakaoutunza. Nchi isiyoweza kuchunguza mifumo inayowahesabu, kuwatibu na kuwatoza kodi raia wake imekabidhi sehemu ya mamlaka yake kwa muuzaji.