Vipuri, Maarifa na Muda wa Mavuno: Historia ya Matengenezo ya Kombaini Kuukuu Nchini Tanzania, 1947–1986

1.0 Utangulizi

Historia ya zana za kilimo nchini Tanzania mara nyingi huelezwa kwa kufuata sera, mikopo na idadi ya ekari zilizolimwa. Kazi ya fundi aliyelala chini ya mashine iliyozimika katikati ya shamba lililokomaa hutajwa kwa nadra, ingawa hapo ndipo mavuno yalipookolewa au kupotea. Insha hii inachunguza hitilafu za mashine kuukuu wakati wa mavuno, hususani kombaini, yaani mashine inayokata, kupura na kupepeta nafaka kwa mkupuo mmoja. Hoja kuu ni kwamba uzee wa mashine peke yake haukutosha kusababisha hasara. Kilichoamua ni umbali uliokuwepo kati ya shamba na mahali vilipopatikana vipuri, pamoja na umbali kati ya shamba na mtu mwenye maarifa ya kutambua chanzo cha hitilafu. Hoja hiyo inajengwa kwa mifano ya Kongwa na Hanang, kisha inalinganishwa na plau la kukokotwa na ng'ombe linalotumika Suguti, mkoani Mara.

2.0 Kombaini na Utambuzi wa Hitilafu

Kombaini hutumika wiki chache tu kwa mwaka. Miezi mingine hukaa bandani, ambako mikanda hupasuka kwa ukavu, minyororo hushika kutu na panya hujenga viota ndani ya matundu yake. Kwa hiyo, hitilafu nyingi huzaliwa wakati mashine imelala, lakini hujitokeza siku ambayo mkulima hana muda wa kusubiri. Nafaka iliyokauka ikicheleweshwa hupukutika, huliwa na ndege au hunyeshewa mvua.

Fundi mzoefu haanzi kwa kufungua injini. Huanza kwa kutazama kile ambacho mashine imetoa. Punje zilizovunjika ndani ya tangi huashiria kwamba ngoma ya kupuria inazunguka kwa kasi kupita kiasi, au nafasi kati ya ngoma na wavu wa chuma ulio chini yake ni finyu. Masuke yanayotoka nyuma yakiwa bado na punje huashiria kinyume chake. Punje safi zikimwagika pamoja na makapi, lawama huelekezwa kwa feni inayopuliza kwa nguvu, chekeche zilizofungwa mno, au dereva anayekwenda kasi kuliko uwezo wa mashine. Ngoma ikikaba asubuhi na kufanya kazi vizuri adhuhuri, huenda tatizo ni mabua yenye umande. Ikikaba kutwa nzima, mkanda uliolegea ndio wa kwanza kukaguliwa. Beringi iliyochakaa hujulikana kwa mlio na joto lake. Ikipuuzwa, huweza kuwasha moto katika makapi makavu.

Katika mashine kuukuu, dalili moja huweza kuwa na vyanzo vitatu au vinne kwa pamoja. Kwa sababu hiyo, fundi hubadili kitu kimoja kwa wakati, huendesha hatua chache, kisha hushuka na kutazama tena. Huu ni uchunguzi unaohitaji kumbukumbu ya muda mrefu kuhusu mashine husika na shamba husika.

3.0 Kongwa: Mashine Zilizotangulia Karakana

Mpango wa Karanga wa serikali ya Uingereza, ulioanza Kongwa mwaka 1947, ulikusudia kulima zaidi ya ekari milioni tatu kwa gharama ya pauni milioni 25. Matrekta mengi yalinunuliwa yakiwa yamekwishatumika, yakiwemo masalia ya jeshi la Marekani yaliyotoka Ufilipino. Vifaru vya Sherman pia viligeuzwa kuwa matrekta na kuitwa Shervick. Kabla mwaka wa kwanza haujaisha, takribani theluthi mbili ya matrekta yaliyoletwa yalikuwa hayafanyi kazi.

Ni rahisi kuhitimisha kwamba mashine mbovu ziliuangusha mpango. Hata hivyo, mashine hizo zilifika kabla ya kuwepo kwa karakana kamili, vipuri vya kutosha na madereva waliopata mafunzo ya kutosha. Aidha, udongo wa Kongwa ulikwangua vyuma na kuvila haraka. Wakati wa kiangazi uligeuka mgumu kama tofali, na kwa kuwa karanga hukomaa ardhini, ugumu huo ulikuwa pigo katika uchimbaji wa zao lenyewe. Hitilafu hiyo isingeweza kumalizwa kwa spana. Mpango ulifutwa mwaka 1951, baada ya hasara ya takribani pauni milioni 36.

4.0 Hanang: Kipuri Kilicho Ng'ambo ya Bahari

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, Tanzania ilishirikiana na Kanada kuendeleza kilimo cha ngano katika nyanda za Hanang. Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula (NAFCO), lililoundwa mwaka 1969, lilisimamia mashamba makubwa ambayo hatimaye yalifikia saba. Tofauti na Kongwa, hapa matengenezo yalipangwa: karakana zilijengwa na Watanzania walipelekwa Kanada kwa mafunzo. Kwa kipimo cha maarifa, umbali ulipunguzwa.

Umbali wa vipuri ulibaki. Msaada ulifungamanishwa na ununuzi wa mitambo ya Kanada, hivyo beringi au mkanda uliokatika ulihitaji fedha za kigeni. Baada ya Vita vya Kagera vya 1978–1979 na kupanda kwa bei ya mafuta, fedha hizo zilikuwa adimu nchini hadi mageuzi ya mwaka 1986. Katika mazingira hayo, fundi aliyeijua hitilafu barabara aliweza kukwama kwa sababu ya kipande kimoja cha chuma.

Gharama ya utegemezi huo haikuishia karakanani. Mashamba yalichukua zaidi ya ekari 100,000 za malisho ya Wabarabaig. Wanakijiji wa Mulbadaw walipoishtaki NAFCO, Mahakama Kuu iliwapa ushindi, lakini Mahakama ya Rufani ikautengua mwaka 1985. Kwa hiyo, swali la iwapo kombaini ingetembea msimu ujao lilikuwa pia swali la iwapo ardhi iliyotwaliwa ingeleta chakula kilichoahidiwa.

5.0 Suguti: Kipimo cha Ulinganisho

Suguti, katika Wilaya ya Musoma, haikuwa nchi ya kombaini. Kama sehemu nyingine za Mara, mashamba yake ni madogo na hulimwa kwa jembe la mkono au plau la ng'ombe. Plau nalo huvunjika: ncha huisha, bolti hukatika, mnyororo hufunguka. Lakini mwenye plau huiona hitilafu kwa macho, huirekebisha kwa spana au humpelekea mhunzi. Kiwanda cha Zana za Kilimo cha Ubungo, kilichojengwa kwa msaada wa China na kuanza uzalishaji mwaka 1970, kiliwezesha zana kama hizo kutengenezwa nchini.

Ulinganisho huu haudai kwamba plau ni bora kuliko kombaini, kwani kazi zake ni tofauti. Unaonyesha tu kwamba chombo huishi muda mrefu pale ambapo anayekitumia anaweza kukielewa na kukipatia kipuri kabla msimu haujapita.

6.0 Hitimisho

Kongwa ilikosa karakana na maarifa. Hanang ilikuwa na maarifa lakini ikategemea vipuri vya mbali. Katika hali zote mbili, mashine ililaumiwa kwa udhaifu wa mpangilio ulioizunguka. Leo kombaini zinavuna mpunga Mbarali, na kilimo cha umwagiliaji kinajadiliwa katika bonde la Bugwema, jirani na Suguti. Mjadala huo utapungukiwa ukiishia kwenye bei ya mashine. Swali la kutangulia ni nani atakayeitengeneza siku itakapozimika shambani, na kipuri chake kitatoka wapi.