Ghala la Liverpool na maghala yetu ya Bandari ya Kale

Wengi mkisikia Liverpool mwakumbuka mpira. Mimi leo nawapeleka gatini, kwenye ghala moja ambalo sijalitia mguu lakini nimelisoma kwa muda mrefu, kwa sababu ya babu yangu aliyekuwa hamali hapa Mombasa.

Gati la Albert Dock lilifunguliwa mwaka 1846. Mhandisi Jesse Hartley alihofia moto, kwa hivyo maghala aliyajenga kwa chuma, matofali na mawe. Meli ilifunga ubavuni, na pamba, chai, sukari na pembe za ndovu zikaingizwa ndani moja kwa moja. Baadaye meli zikawa kubwa kuliko gati, na mwaka 1972 likafungwa. Mwaka 1988 sehemu ya maghala hayo ikafunguliwa kuwa jumba la sanaa, Tate Liverpool, kwa usanifu wa James Stirling.

Stirling aliheshimu nje. Ndani akatia vyumba vyeupe, kama vya jumba lolote la sanaa Ulaya. Hapo ndipo nina neno. Ukishapaka kuta nyeupe, ghala halisemi tena. Mtu ataangalia picha asahau kwamba mto Mersey uko hapo nje, na kwamba sakafu aliyokanyaga ilibeba shehena. Biashara ya watumwa Uingereza iliipiga marufuku mwaka 1807, kabla ya gati hili, lakini pamba ya Marekani iliyoendelea kuingia Liverpool ilichumwa na watumwa mpaka miaka ya 1860. Jumba la kumbukumbu ya utumwa lilifunguliwa mwaka 2007 papo hapo gatini, lakini katika jengo jingine. Sanaa huku, historia kule!

Oktoba 2023 Tate Liverpool ilifungwa ili itengenezwe upya, na kazi wakapewa wasanifu wa 6a architects. Wazo mojawapo ni kuifungua ghorofa ya chini ielekee gatini, watu waingie na kutoka. Mimi naliunga mkono. Mlango wa ghala ulikuwa wa kupitisha mizigo na watu, si wa kuchungulia.

Sasa turudi Bandari ya Kale. Mara kwa mara nasikia maghala ya Mji wa Kale yakitajwa kwa mikahawa na maonyesho ya picha. Sipingi, afadhali hivyo kuliko kuyaacha yaanguke. Lakini babu alikuwa akituhadithia jinsi karani alivyoandika hesabu ya magunia ya tende kwa makaa ukutani, mistari minne na wa tano kuikata. Mahamali wasiojua kusoma walizihakiki wenyewe, maana ujira wao ulikuwa mle. Wazee waliobeba mizigo hiyo wamebaki wachache, na hukaa barazani kila alasiri. Nauliza tu: fundi wa rangi atapita kwao kwanza, au ataanza na ukuta?