Mbwa Koko wa Songea Ana Mwenyewe

Katika vijiji vinavyoizunguka Songea, mbwa ana ajira: kulinda mahindi. Nyani hushuka mchana, nguruwe pori huingia usiku, na mkulima asiye na mbwa hukesha mwenyewe shambani akipiga debe. Mahindi yakishaingia ghalani, ajira nayo huisha. Mbwa huachiwa ajitafutie, na wapo wanaoishia mjini, chini ya meza za mabucha, wakingojea mfupa udondoke. Aliyeitwa Simba kule kijijini, mjini ni mbwa koko tu.

Watafiti waliohesabu mbwa nchini Tanzania wamekuta kwamba wengi wa wanaozurura wana wenyewe. Tunaowaita wa mtaani ni wetu, tumewakana.

Huruma kwao si jambo la jana. Baada ya Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907, Uislamu na Ukristo vilienea kwa kasi Ungoni, yaani eneo la Songea, na watoto wa madrasa wakafundishwa kisa cha msafiri aliyemwona mbwa akilamba udongo kwa kiu. Alishuka kisimani, akajaza maji kiatuni, akakibana kwa meno, akapanda nacho kumnywesha. Kwa tendo hilo akasamehewa dhambi zake.

Serikali zilipita njia nyingine. Tangu ukoloni hadi baada ya uhuru, dawa ya mbwa wazururaji mijini ilikuwa risasi na sumu. Hofu ilikuwa ya haki: kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa mtu, karibu hakuna anayepona, na watoto ni wengi miongoni mwa wanaokufa. Lakini bunduki haikuumaliza ugonjwa. Waliouawa nafasi yao ilizibwa na watoto wa mbwa wasio na kinga, na mwenye mbwa akamficha wake asije akapigwa risasi.

Kilichofanya kazi ni sindano. Kwenye vijiji vinavyopakana na Serengeti, kuchanja mbwa kulipunguza watu wanaoumwa na mbwa wenye kichaa. Pemba ndiyo inayonisadikisha zaidi. Kampeni za chanjo ziliutokomeza ugonjwa kisiwani kufikia 2014. Ukarudi 2016, wakachanja tena, na 2018 ukakatika. Wataalamu husema wakichanjwa mbwa 70 katika kila 100, virusi hukosa njia. Mbwa aliyechanjwa akibaki hai mtaani ni ukuta kati ya kichaa na mtoto, na kumuua ni kuubomoa.

Sheria nayo imekuja, japo kwa kuchelewa. Bunge letu lilipitisha Sheria ya Ustawi wa Wanyama mwaka 2008, inayomtambua mnyama kuwa kiumbe mwenye hisia. Ni sheria nzuri, ila wanaoijua ni wachache mno, na hilo linaniuma.

Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani ni Septemba 28. Afisa mifugo wa kata yako akitangaza chanjo, mfunge mbwa wako kamba umpeleke, na yule anayelala nje ya bucha mpeleke pia. Mtoto akiumwa na mbwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mkimbize hospitali siku hiyohiyo.