Chuma kwenye muundi kilianza kwa ugomvi wa London

Eldoret ilipewa hadhi ya jiji Agosti 2024, na barabara ya kwenda Kapsabet inayopita Kapseret imejaa bodaboda. Ajali zake huishia mara nyingi miguuni. Anayevunjika muundi karibu na kifundo huenda Hospitali ya Rufaa ya Moi, iliyoanza mwaka 1917 kama hospitali ndogo, na huenda akatoka na bamba la chuma lililokazwa kwa skrubu.

Bamba la kwanza tunalolijua liliripotiwa na Carl Hansmann wa Hamburg mwaka 1886. Lakini aliyelipigania ni William Arbuthnot Lane wa Hospitali ya Guy's, London. Lane aliona vibarua walioungwa mifupa kombo wakipoteza riziki, akasema wazi kwamba plasta na vibao havitoshi: mguu upasuliwe, mfupa unyooshwe, ufungwe chuma. Wenzake walikasirika. Wakati huo kumpasua mtu ambaye ngozi yake haijachanika kulionekana kumkaribisha usaha. Lane akajibu kwa vitendo: vyombo vyenye mikono mirefu, na kidole cha daktari kisiguse kidonda kamwe. Mwaka 1905 akachapisha kitabu. Walioiga bamba bila kuiga usafi wake waliwaua wagonjwa, na lawama zikamwangukia yeye. Chuma chenyewe pia kilishika kutu mwilini. Kwangu mimi Lane alikuwa sahihi kwa lililo kubwa: usafi ndio uliookoa upasuaji huu, kuliko bamba.

Wabelgiji Albin Lambotte na Robert Danis waliboresha kazi hiyo, kisha madaktari wa Uswisi wakaunda chama cha upasuaji wa mifupa cha AO mwaka 1958 na kuisambaza duniani.

Sehemu ya chini ya muundi bado ni ngumu. Nyama ni chache, damu haifiki vizuri, ngozi hufunika bamba kwa shida. Kidonda kikifumuka, chuma huonekana. Ndiyo maana siku hizi madaktari hupitisha bamba kwa tundu dogo chini ya ngozi. Mfupa huchukua miezi mitatu hadi sita au zaidi kuungana, na wiki za mwanzo mgonjwa hutembea kwa magongo bila kuukanyagia mguu.

Hapo ndipo tunapowatelekeza watu. Kijana anayelipwa kwa siku hawezi kusubiri, hivyo huukanyagia mapema na chuma huvunjika. Serikali ya Kaunti ya Uasin Gishu ipeleke tiba ya viungo karibu na nyumba za wagonjwa Kapseret, na familia zimlinde mgonjwa wao mpaka daktari aruhusu.