Kamba nzito na mtu wa mguu wa mti: St. Louis, 1904

Mwishoni mwa Oktoba 1904, mjini St. Louis huko Marekani, mwanaume mwenye mguu mmoja wa mti alishika kamba nene iliyoning'inizwa juu, akaipanda. Zaidi ya mita 7 na nusu, kwa sekunde 7 tu. Jina lake George Eyser. Alizaliwa Ujerumani, akafika Marekani angali kijana, na mguu wa kushoto aliupoteza. Husemwa kwamba ulikanyagwa na treni. Alikuwa karani wa hesabu, na alijizoeza katika klabu ya mazoezi ya Wajerumani iliyoitwa Concordia. Katika Michezo ya Olimpiki ya mwaka huo alipata medali 6, kati yake 3 za dhahabu, na moja ya hizo ni ya kupanda kamba.

Anayepanda kamba hubebwa na vidole, mikono, mgongo na tumbo. Akipanda kwa mikono tu, miguu haimsaidii sana. Lakini nguvu hizo haziji kwa siku moja, na hapo ndipo St. Louis ina habari nyingine, isiyosimuliwa mara nyingi.

Michezo hiyo ilifanyika pamoja na maonyesho makubwa ya dunia, na huko watu wa nchi za mbali waliletwa ili watazamwe. Kati yao walikuwemo Wakongomani, akiwemo kijana Ota Benga, aliyetolewa Congo na Samuel Verner, mmisionari wa zamani. Tarehe 12 na 13 Agosti, wakubwa wa maonyesho waliwakusanya watu hao, Wafilipino, wenyeji asilia wa Marekani, Wakongomani na wengine, wakawashindanisha: kukimbia, kurusha vyuma vizito, kupanda mlingoti, kuvuta kamba. Wengi hawakuwahi kuiona michezo ile na hawakufundishwa. Kisha James Sullivan, aliyesimamia michezo, akaandika kwamba sifa za nguvu zao zilikuwa zimetiwa chumvi. Hesabu ya ajabu kweli: huyu amejizoeza kwa miaka, yule amepewa kamba asubuhi, halafu wanapimwa kwa kipimo kimoja. Mwenzake, McGee, alijibu kwamba kilichokosekana ni mazoezi, naye akaandaa mashindano mengine mwezi wa Septemba.

Kuvuta kamba kwenyewe kulikuwa mchezo wa Olimpiki tangu 1900 hadi 1920. Mara ya mwisho ilikuwa Antwerp, Ubelgiji ikapata shaba. Aliyeuona mchezo huu shuleni anajua kwamba timu ya wanene hushindwa na timu inayokanyaga pamoja. Kupanda kamba nako kuliondoka Olimpiki baada ya 1932, ila kamba zikabaki katika kambi za jeshi na kumbi za mazoezi.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Mmarekani John Brookfield, mtu wa michezo ya nguvu kutoka North Carolina, aliilaza kamba chini. Aliizungusha kwenye nguzo, akashika ncha mbili, akaanza kuitikisa ili itoe mawimbi hadi kule nguzoni. Kamba za namna hiyo huwa na urefu wa mita 15 hivi na unene wa sentimita 4 au 5. Siri yake ni kwamba wimbi hufa haraka, kwa hiyo kila wimbi linadai nguvu mpya ya ghafla. Nguvu hiyo huanzia kwenye nyayo, hupita nyonga na tumbo, ndipo ifike mabegani. Sekunde 20 zinatosha kumwacha kijana mzima akihema.

Na asiye na mguu? Anafanya akiwa ameketi. Tumbo, mgongo na mabega hubeba kazi yote, moyo unaenda mbio vilevile. Kamba kuukuu ya mtumbwi mkubwa au ya kufungia mizigo kwenye lori inafaa, ikizungushwa kwenye mti wenye mizizi imara, kitambaa kikifungwa pale inaposugua. Kiti nacho kisiwe cha kuyumba. Kwa kuanza: sekunde 15 za kutikisa, sekunde 45 za kupumzika, mara nne. Mwenye ugonjwa wa moyo, au ambaye kidonda cha kukatwa hakijafunga, amwone muuguzi kwanza.