Ridhaa ya Kisanduku: Historia Fupi ya Programu Zisizoalikwa

Mwanzoni mwa miaka ya 2010, aliyesakinisha Java katika kompyuta ya Windows alikutana na ukurasa wenye kisanduku kilichokwisha kutiwa alama ya vema. Asiyeifuta alama hiyo alijikuta na upau wa Ask ndani ya kivinjari chake. Hata masasisho ya usalama yalikuja na ukurasa huohuo: aliyekuja kuziba ufa aliingiziwa mgeni asiyemwalika.

Sababu ilikuwa ya kiuchumi. Mwenye programu ndogo alimlipa mwenye programu kubwa kwa kila kompyuta iliyoingiwa. Bidhaa iliyouzwa hapo ilikuwa haraka ya mtumiaji na mazoea yake ya kubofya "endelea" bila kusoma.

Mfano wenye funzo kubwa zaidi ni wa SourceForge. Tovuti hiyo ilianzishwa mwaka 1999 nchini Marekani, ikawa ghala kuu la programu huria, yaani kazi ya watu wengi waliojitolea. Mwaka 2013 ilianzisha mpango wa DevShare, uliofungasha matangazo ya programu nyingine pamoja na zile zilizopakuliwa, na mapato yakagawanywa na waundaji waliokubali. Mwaka huohuo waundaji wa GIMP, programu ya kuhariri picha, waliihama tovuti hiyo. Mei 2015 ikagundulika kwamba SourceForge imeshika ukurasa wa GIMP ya Windows, kwa hoja kwamba umetelekezwa, na inagawa programu hiyo ikiwa imefungashiwa matangazo. Lawama zilikuwa kali. Mwaka 2016 tovuti ilipata wamiliki wapya, nao wakaufuta mpango huo. Lakini miradi mingi ilikuwa imekwisha kuhama.

Watetezi wa biashara hii walikuwa na jibu moja: mtumiaji aliridhia, kwani angeweza kufuta alama. Tarehe 1 Oktoba 2019, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliikataa hoja ya namna hiyo katika shauri la Planet49, lililohusu vidakuzi vya tovuti. Iliamua kwamba kisanduku kilichotiwa alama mapema si ridhaa halali. Ridhaa ni tendo. Kutotenda hakuwezi kuhesabiwa kuwa ni kukubali.

Hapa ndipo historia hii inapovuka mipaka ya kompyuta. Kila mamlaka, iwe ya soko au ya dola, hushawishika kuuhesabu ukimya wa watu kuwa ni kura ya ndiyo. Mtumishi wa umma anayeandaa fomu ya kielektroniki leo anashika madaraka yaleyale ya kuamua kisanduku kianze na alama au kianze kitupu. Kianze kitupu. Mwananchi akitaka kusema ndiyo, mkono anao.